Dari na Silingibodi

Katika vijitabu vinavyofasiriwa kuhusu majumba ya karne ya 19, neno dari limebebeshwa mzigo usiolistahili. Popote mwandishi wa kigeni anapotaja pambo la juu ya chumba, mfasiri huandika "dari iliyopakwa rangi" akaendelea na safari yake. Msomaji wa Arusha ataelewa nini? Kwa fundi wa mjini, kinachopakwa rangi juu ya chumba ni silingibodi, yaani mbao au jipsamu iliyopigiliwa chini ya kenchi. Kwa mkulima wa mteremko wa Meru, darini ni mahali pa kuwekea mahindi, penye moshi, hapapambwi.

Pwani mambo ni mengine. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, dari ni boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, zikabeba mawe na chokaa, na juu yake ikawa sakafu ya ghorofa. Ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba, aghalabu havizidi mita 3: mkoko hauaminiki kwa urefu zaidi ya huo. Mwenye uwezo alichongesha boriti zake ziwe za mraba, akazitia rangi nyekundu. Pambo lilikaa kwenye mti ule ule uliobeba nyumba. Waingereza wa zama za Owen Jones, ambaye kitabu chake cha mwaka 1856 kilikusanya hata nakshi za Kiarabu, aghalabu walichora juu ya lipu, mihimili ilifichwa.

Wala huu si ubishi wa maneno matupu. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ukarabati huandikiwa mikataba. Mkataba usemao "dari itengenezwe na kupakwa rangi" humruhusu mkandarasi kupigilia jipsamu chini ya boriti zilizooza, na malipo akadai kwa haki.

Wako wanaotaka silingibodi lifutwe kwa kuwa lina harufu ya Kiingereza. Hatukubaliani nao. Fundi alilihitaji kwa sababu dari lilikwisha kuwa na kazi yake. Kwa maoni yetu, libaki kwa kile kinachopigiliwa. Dari iwe muundo mzima. Na pambo litajwe pale lilipo: boriti zilizotiwa rangi, au lipu ya dari iliyochorwa maua. Sentensi ya mfasiri itarefuka kidogo. Na mwalimu wa ufundi asimkosoe mwanafunzi asemaye silingibodi huku kidole chake kimeelekea kwenye silingibodi.