Vipanga kwenye Televisheni: Kicheko Kinamwangukia Nani?

Tarehe 24 Septemba 2007, kituo cha CBS cha Marekani kilirusha sehemu ya kwanza ya The Big Bang Theory. Mapema tu, mpangaji mpya aitwaye Penny anaingia kwa majirani wa mlango unaotazamana na wake, wanafizikia wawili wanaoishi pamoja, na kukuta ubao mweupe uliojaa milinganyo. Anausifu. Sheldon, mwenye ubao, anamwambia kwamba hayo ni mambo ya fizikia ya kwanta tu, na pembeni kachezeachezea nadharia ya nyuzi. Halafu anamwonyesha sehemu moja na kusema hapo katania: ni mzaha juu ya kadirio la Born-Oppenheimer. Ukumbi unacheka.

Walicheka nini? Kadirio la Born-Oppenheimer ni njia ya kurahisisha hesabu za molekuli kwa kutenganisha mwendo wa viini vya atomu, ambavyo ni vizito, na mwendo wa elektroni, ambazo ni nyepesi mno. Ni jambo zuri kulijua, lakini hakuna aliyelihitaji ili acheke. Jina lenyewe, refu na geni, lilitosha. Kicheko kilimwangukia Sheldon, kwa kudhani huo ni utani wa kumwambia mtu aliyeingia ndani muda huohuo.

Baadaye kidogo Penny anakaa kwenye sofa, na Sheldon anamtaka ahame kwa sababu pale ni pake. Anatoa sababu. Wakati wa baridi kiti kile kiko karibu na kipasha joto kiasi cha kumpasha aliyekikalia bila kumtoa jasho. Wakati wa joto kinapitiwa na upepo unaotoka dirisha hili kwenda lile. Televisheni inaonekana kwa pembe ambayo haimzuii mtu kuzungumza na wenzake, wala haimpotoshei picha. Hoja ile haina neno gumu. Mtazamaji anaifuata, anaona ina mantiki, na inapofika mwisho anajikuta kwa muda mfupi amefikiri kama Sheldon. Wengi wetu tuna kiti chetu nyumbani, na tungeweza kukitetea kwa sababu nzuri kama hizo.

Utani wa ubao unamweka mtazamaji nje ya kichwa cha kipanga. Utani wa kiti unamwingiza ndani. Nimekuwa nikivitazama kwa jicho hilo vichekesho vyote vinavyohusu watu wa kompyuta, fizikia na vitabu vya katuni, na nimeridhika kwamba tofauti kati ya kipindi kinachowaheshimu watu hao na kinachowadhalilisha haitokani na nia njema ya watunzi. Inatokana na ufundi: nani anasema, nani anashangaa, na elimu yenyewe imewekwa wapi kwenye skripti.

Kulikuwa na wakati swali hili halikuwa na maana. Kipindi cha Family Matters kilipoanza mwaka 1989, mhusika Steve Urkel, aliyechezwa na kijana Jaleel White, alikusudiwa kutokea mara moja tu. Watazamaji wakampenda, naye akawa nguzo ya kipindi mpaka kilipomalizika mwaka 1998. Suruali ilipandishwa juu ya kiuno, miwani ilikuwa mikubwa, sauti ikatoka puani. Urkel alivumbua mashine za ajabu, lakini mtazamaji hakupewa kanuni hata moja ya kuifuata. Mashine zilikuwepo ili zilipuke sebuleni kwa jirani. White alikuwa mwigizaji hodari sana wa mwili, na sifa hiyo ni yake. Lakini ukipanga wa Urkel ulikuwa mavazi na mwendo, basi.

Chuck Lorre na Bill Prady, wabunifu wa The Big Bang Theory, walitaka zaidi ya hapo. Prady mwenyewe alikuwa akiandika programu za kompyuta kabla ya kuingia kwenye televisheni, kwa hiyo watu aliowaandika alikuwa amefanya nao kazi. Walimchukua David Saltzberg, profesa wa fizikia wa chuo kikuu cha UCLA, awe mshauri wao wa sayansi. Yeye ndiye aliyehakikisha kwamba milinganyo ya ubaoni ni ya kweli, sehemu baada ya sehemu, kwa misimu 12. Mwanafizikia aliyesimamisha picha akaukagua ubao ule hakukuta upuuzi. Baadaye aliongezwa Mayim Bialik, ambaye ana shahada ya uzamivu ya sayansi ya neva kutoka UCLA hiyohiyo, akacheza mwanasayansi wa neva aitwaye Amy.

Hata hivyo, tazama sayansi hiyo iliingia kwa mlango gani. Mara nyingi waandishi waliacha pengo kwenye skripti, pale palipohitaji maneno ya kitaalamu, kisha Saltzberg akalijaza. Jambo hili dogo la utaratibu wa kazi linaeleza mengi. Pengo likishaachwa, maana yake umbo la utani limekwisha kukamilika: tunajua kipanga atasema jambo refu, tunajua Penny atakodoa macho, tunajua kicheko kitaangukia wapi. Kinachobaki ni kuchagua maneno. Ukiondoa jina la chembe moja ukaweka la nyingine, hakuna kinachobadilika. Ubao uko nyuma ya waigizaji, sahihi kabisa, wala hauamui lolote kati ya yanayotokea mbele yake.

Wapo wanaosema tatizo ni kicheko chenyewe. Mitandaoni kuna vipande vya kipindi hiki vilivyoondolewa sauti ya watazamaji, na kweli vinatisha: mtu anasema jambo la kumuumiza mwenzake, kimya kinafuata, wanatazamana. Mimi nasema jaribio hilo si la haki. The Big Bang Theory ilirekodiwa mbele ya watu ukumbini, kwa kamera kadhaa kwa pamoja, mtindo uliotia mizizi tangu I Love Lucy mwaka 1951. Mwigizaji wa mtindo huo husubiri kicheko kipungue ndipo aendelee. Ukikiondoa, unabaki na pengo ambalo lingemwaibisha mwigizaji yeyote, hata angekuwa anacheza skripti bora kuliko zote.

Mtindo wa ukumbi una sharti lake, nalo ndilo la kuangalia. Mamia ya watu wasiojuana lazima waelewe utani mmoja kwa wakati mmoja. Hivyo mwandishi huhitaji mhusika anayewawakilisha wasiojua, na hapo ndipo Penny alipopata kazi. Uso wake huwaambia walioko ukumbini kwamba hawako peke yao. Mtazamaji mhandisi, au aliyekua akisoma vitabu vya katuni, analazimika kujiangalia kwa macho ya Penny hata kama hakutaka.

Sehemu iitwayo The Bakersfield Expedition, ya Januari 2013, ina njia zote mbili ndani ya muda usiofika nusu saa. Penny na rafiki zake Amy na Bernadette wanaamua kwenda kwenye duka la vitabu vya katuni ili waelewe waume na wapenzi wao wanapenda nini. Wanapoingia, wanaume wote waliomo wanaacha walichokuwa wakifanya na kuwakodolea macho, kana kwamba hawajapata kumwona mwanamke. Kwangu huo ni uvivu wa uandishi, tena una madhara. Wanawake wanaosoma na kuchora vitabu hivyo ni wengi, na utani huu unasimama kwa kujifanya hawapo. Amy na Bernadette ni wanasayansi, wenye akili za kutosha kuwashinda wanaume wa kipindi, nao bado wamewekwa upande wa wageni.

Kisha wanarudi nyumbani na kitabu cha katuni cha shujaa Thor, na mambo yanageuka. Wanaanza kubishana kuhusu nyundo yake, ambayo inasemekana haiwezi kuinuliwa na asiyestahili. Kama ni hivyo, Thor ana nguvu kweli, au ni nyundo tu iliyomkubali? Vipi akiwa ameishika yeye, na mtu mwingine akambeba Thor? Ubishi unapanda, sauti zinapanda, na watu waliokwenda dukani kushangaa wenzao sasa wanakatizana maneno. Hakuna aliyebandikiwa miwani wala kubadilishwa sauti. Tumeona ugonjwa wa kupenda jambo ukimwingia mtu mbele ya macho yetu, kwa sababu waandishi waliuweka ubishi wenyewe katikati ya jukwaa wakauacha ujiendeshe.

Uingereza walikuwa wameshalijua hili. The IT Crowd, iliyoandikwa na Graham Linehan na kurushwa na Channel 4 kuanzia 2006, nayo ilirekodiwa mbele ya watazamaji, nayo ina mhusika wa nje: Jen, bosi wa idara ya kompyuta aliyepata kazi kwa kudanganya kwenye wasifu wake kwamba anazijua kompyuta. Viungo ni vilevile. Alichofanya Linehan ni kugeuza mwelekeo. Penny hajui fizikia na hana sababu ya kuijua. Jen hajui kazi anayolipwa kuifanya. Roy na Moss, mafundi walio chini yake, ndio wenye haki ya kukodoa macho.

Hata chumba chao kinasema hivyo. Ghorofa ya chini ya kampuni ya Reynholm imejaa kompyuta kuukuu, stika na vikorokoro ambavyo kamera haivielezi. Mwenye kuvitambua anatambua, asiyevitambua haondolewi kwenye hadithi. DVD ya msimu wa kwanza ilikuwa na maandishi ya chini ya picha katika mtindo wa wadukuzi, tarakimu zikishika nafasi ya herufi. Hayo hayakuwekwa kwa ajili ya Jen.

Utani uliokomaa kuliko wote uko katika sehemu iitwayo The Speech, ya mwaka 2008. Jen amechaguliwa mfanyakazi bora wa mwezi na anatakiwa kuhutubia. Roy na Moss wanamletea kijisanduku cheusi chenye taa nyekundu na kumwambia kwamba hiyo ndiyo intaneti. Jen anauliza mbona hakina nyaya. Wanajibu kwamba haina waya. Anashangaa kwamba hakina uzito. Wanamwambia intaneti haiwezi kuwa na uzito. Kwa kawaida hukaa juu ya Big Ben, ambako mawimbi yanashika vizuri, na wazee wa intaneti wamekubali kumwazima.

Tazama mpangilio wake. Kila jibu lina chembe ya ukweli: ni kweli kuna intaneti isiyo na waya, ni kweli mawimbi hushika vizuri juu. Mtazamaji asiyejua chochote anacheka kwa sababu sanduku ni dogo mno. Anayejua anacheka kwa sababu majibu yanafuata mantiki ya kifundi yakielekea upotovu. Wawili hao wanacheka kwa wakati mmoja, na sharti la ukumbi limetimizwa bila kumtoa yeyote kafara. Kisha Linehan anaongeza hatua ambayo mwandishi mvivu asingeifikia. Roy na Moss wanakaa wakisubiri Jen aaibike mbele ya wakubwa wa kampuni. Wakubwa wanaamini. Wanalitazama sanduku kwa unyenyekevu. Kicheko kinatoka kwa Jen na kuwaangukia wenye mamlaka wote wanaotumia chombo wasichokielewa.

Silicon Valley, iliyorushwa na HBO kati ya 2014 na 2019, ilichukua njia ya tatu. Haikuwa na watazamaji ukumbini, hivyo haikulazimika kuwa na Penny wala Jen. Mbunifu wake mkuu, Mike Judge, alisoma fizikia na aliwahi kufanya kazi ya uhandisi katika bonde lenyewe la Silicon Valley miaka ya 1980. Hadithi inahusu programu ya kubana mafaili, na watunzi walipohitaji kipimo cha ubora wake walimwendea Tsachy Weissman, profesa wa Stanford, na mwanafunzi wake wa uzamivu, Vinith Misra. Wakabuni kipimo kinachofanya kazi kweli, kinacholinganisha kiasi faili lilivyobanwa na muda uliotumika. Kipimo hicho hakikubandikwa nyuma ya waigizaji: namba yake ikipanda, kampuni inapona. Mwishoni mwa msimu wa kwanza, wazo la kuokoa programu linazaliwa kutokana na hesabu ndefu ya jambo la aibu ambalo sitaliandika hapa. Misra aliikokotoa hesabu ile kwa dhati kama tatizo lolote la kihandisi. Ukiiondoa sayansi hiyo, hadithi inaanguka yote.

Hata huko usahihi ulilegezwa pale jukwaa lilipodai. Katika msimu wa tatu, Richard, mhusika mkuu, anagombana na mpenzi wake kwa sababu dada huyo anapanga mistari ya programu kwa kitufe cha nafasi, ilhali Richard anatumia Tab. Tunamsikia dada akikibonyeza kitufe mara nyingi mfululizo. Waandika programu walilalamika, kwa kuwa vihariri vya kisasa huweka nafasi zote hizo kwa mbonyezo mmoja. Nawaunga mkono watunzi. Ubishi wenyewe ni wa kweli na umegombanisha watu wengi maofisini. Sauti ya kitufe ndiyo iliyomwezesha asiyejua kuusikia.

Kwa hukumu yangu, The IT Crowd ndiyo iliyoifanya kazi hii kwa ufundi mkubwa zaidi, kwa sababu ilikubali masharti yote magumu ya ukumbi na bado haikuwauza watu wake. Ilifanya hivyo kwa sehemu 25 tu. The Big Bang Theory ilipata sehemu 279, na wahusika wake wawili wakapewa tuzo ya Nobel katika sehemu ya mwisho, Mei 2019, kwa nadharia iliyobuniwa kwa ajili ya kipindi. Anayetaka kujifunza uandishi huu asiitupe: aitazame, na kila ukumbi unapocheka aandike jina la mhusika aliyekodoa macho. Ukurasa ukijaa jina la Penny peke yake, atajua sehemu hiyo aifunge na ahamie nyingine.