Mshororo Uliovunjwa na Kioo

Simu kubwa za leo si pana. Anayelazimika kuitoa mfukoni kila anapoketi kwenye daladala atabisha, lakini hesabu haibishi. Samsung walipoleta Galaxy Note mwaka 2011, watu waliicheka kwa ukubwa, na kioo chake kilikuwa cha inchi 5.3. Inchi hizo hupimwa mshazari, kona hadi kona. Kwa uwiano wa 16 kwa 10, upana wa kioo kile ulikuwa kama milimita 71. Chukua sasa simu ya inchi 6.7 yenye uwiano wa 20 kwa 9: upana wake ni kama milimita 70. Kilichoongezeka ni kimo, kutoka milimita 114 hadi 155. Kiganja cha mtu hakijanenepa tangu 2011, kwa hiyo kioo kimekua kwenda juu tu.

Anayetazama video au picha za harusi hataona tatizo. Anayesoma mashairi analiona kila anapofungua kundi la watunzi kwenye WhatsApp, kwa sababu ushairi wetu wa mapokeo ni ushairi wa upana. Mshororo wa tarbia, shairi la mishororo minne kwa ubeti, una mizani kumi na sita, nane za ukwapi (kipande cha kwanza) na nane za utao (kipande cha pili), na vina viwili vinavyotakiwa kusimama mahali pake: kimoja katikati, kingine mwishoni. K. Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, sheria hizo zilikuwa za sikio, ila ukurasa wa kitabu ulizionesha kwa jicho pia. Vina vya kati vilishuka kama nguzo, na vya mwisho vivyo hivyo.

Sitaki kumchukulia mtu shairi lake, basi nimetunga ubeti wa kujaribia. Hauna makuu:

Simu yangu ya kiganja, uso wako una nuru,
Wanifunza na ujanja, wa miji nisiyozuru,
Usiku giza wavunja, usingizi waudhuru,
Utamu nimeuonja, sitaki tena uhuru.

Ukihesabu herufi, nafasi na alama zake, pamoja na kushuka mstari mara tatu, unapata 157. Ujumbe mfupi wa kawaida wa simu hubeba herufi 160. Yaani kitochi, kile cha betri ya wiki nzima, kingeubeba ubeti huu mzima katika ujumbe mmoja na kubakiza nafasi tatu. Ni sadfa, lakini ni sadfa ya kupendeza: ubeti mmoja, ujumbe mmoja. Kioo cha kitochi kilikuwa kidogo mno hata msomaji hakutarajia kuona umbo la shairi. Aliona maneno, akalijenga umbo kichwani.

Simu kubwa inaahidi kuonesha umbo, na hapo ndipo inapoliharibu. Ikiwa mstari wake unachukua herufi kama 32, ubeti uleule unamfikia msomaji hivi:

Simu yangu ya kiganja, uso wako
una nuru,
Wanifunza na ujanja, wa miji
nisiyozuru,
Usiku giza wavunja, usingizi
waudhuru,
Utamu nimeuonja, sitaki tena
uhuru.

Tazama kilichotokea. Mishororo minne imekuwa mistari minane, lakini si minane iliyolingana. Wa kwanza umekatwa kwa mizani 12 na 4, wa pili 11 na 5, wa tatu 12 na 4, wa nne 13 na 3. Kioo kimekata kwa kufuata wingi wa herufi, na herufi hazijui mizani. Kina cha kati, -nja, kimezama tumboni mwa mstari mrefu, hakina tena ukingo wa kuegemea. Kina cha mwisho, -ru, kimehamia upande wa kushoto, peke yake, kwenye visehemu vifupi vinavyoonekana kama jina la mtu chini ya barua. Macho yanasoma nuru, nisiyozuru, waudhuru, uhuru, kama shairi la pili lililojificha ndani ya la kwanza. Nakiri lina utamu wake, japo hakuna aliyelitunga.

Hata hivyo mfundishe mtu tarbia kwa muda mfupi tu, kisha mpe ubeti huo uliovunjika ausome kwa sauti. Hatasimama kwenye "uso wako". Atapita hadi "nuru", kwa sababu sikio lake linadai nane ya pili. Mizani ni hesabu iliyomo ndani ya maneno yenyewe, haikukaa kwenye karatasi, kwa hiyo msomaji anaweza kuurudisha mshororo popote ulipovunjwa.

Shairi huru halina kinga hiyo. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, mabishano makali yalikuwa juu ya kuacha vina na mizani. Katika utunzi wa namna hiyo, mahali pa kukata mstari ni uamuzi wa mtunzi, na uamuzi huo hauonekani popote isipokuwa kwenye karatasi. Upitishe kwenye simu: mstari mrefu unakatwa, neno moja linaanguka chini, na msomaji hawezi kujua kama lilitupwa huko na mtunzi ili limwume au lilisukumwa na kioo. Hakuna hesabu ya kumrudisha. Umbo lililosifiwa kuwa la kisasa ndilo linalodhurika zaidi na chombo cha kisasa, na lile la mapokeo, lililoitwa pingu, linapona.

Watunzi wa mapokeo nao hawajakaa kimya. Wengi sasa hushuka mstari kila baada ya kipande, ubeti ukawa mistari minane ya mizani nane nane. Inapendeza machoni, lakini bei yake haisemwi. Kina cha kati, ambacho kazi yake ni kupumzisha tu, sasa kinapata kituo sawa na kina cha mwisho, na mwendo wa mshororo, ule wa kupanda ukwapi na kushuka utao, unageuka kuwa hatua fupi zinazolingana.

Umbo linalofaidi kweli ni utenzi. Vipande vyake ni vya mizani nane, vinatoshea bila kuguswa, na kimo cha milimita 155 kinaonesha beti kadhaa kwa pamoja, kina cha bahari kikirudi mwishoni mwa kila ubeti. Katika miswada ya hati ya Kiarabu, ubeti wa utenzi aghalabu uliandikwa kwenye mstari mmoja, vipande vyake vikitengwa kwa alama, na bahari ikashuka pembezoni bila kukatizwa. Wachapaji wa vitabu ndio waliozoea kuupanga ngazi nne. Simu imerithi ngazi hizo, na kidole gumba kinazishuka bila taabu.

Kwa tarbia kuna njia nyingine. Ukilaza simu, mshororo unakaa mzima, lakini unaona ubeti mmoja na nusu, kisha mtu anakupigia. Simu zinazokunjuliwa kama kitabu zina upana wa kutosha. Bei yake siizungumzii. Wengine hutuma shairi kama picha, maandishi ya dhahabu juu ya maua ya waridi. Umbo linasalimika, lakini herufi ni ndogo, na ukizikuza kwa vidole viwili utao unatoka nje ya kioo. Msomaji anasoma ukwapi wote kwanza, halafu anaburuta picha kutafuta nusu iliyobaki.

Mtunzi wa shairi huru anayeandikia simu ningemshauri asizidishe herufi thelathini kwa mstari, au atume sauti yake. Wa tarbia aandike mishororo yake mizima na aache kioo kivunje kinavyotaka.