Shajara Iliyoandikwa Baada ya Sindano

Riwaya ya The Silent Patient ya Alex Michaelides, iliyotoka mwaka 2019 na ambayo bado inapita mkono kwa mkono miongoni mwa wapenzi wa hadithi za taharuki, yaani hadithi zinazomweka msomaji roho juu mpaka mwisho, imeharibiwa na uamuzi mmoja wa kiufundi. Kumfanya Theo Faber, mtaalamu wa tiba ya akili anayesimulia, awe ndiye mwenye hatia, na kuvisuka vipindi viwili vya wakati kana kwamba ni kimoja, ni kazi iliyofanywa kwa ustadi na haihitaji maneno mengi. Kosa liko katika shajara ya Alicia Berenson, mgonjwa wa Theo aliyeacha kusema baada ya kumuua mumewe, yaani katika daftari lake la kumbukumbu za kila siku, na hasa katika ingizo la mwisho, ambalo mwandishi anamtaka mwanamke aliyekwisha kuchomwa sindano ya mofini aliandike kwa mkono wake mwenyewe huku dawa ikimlemea.

Wasomaji wa riwaya hii wanalikumbuka tukio hilo. Theo, baada ya kuona kwamba Alicia amemtambua kuwa ndiye yule mtu wa barakoa wa usiku aliouawa Gabriel, mume wa Alicia, anamdunga mofini ndani ya Grove, kituo chenye ulinzi cha wagonjwa wa akili waliotenda jinai, kaskazini mwa London, kisha anaondoka akiamini kwamba siri imezimika. Alicia anashika kalamu, anaandika aliyemdunga ni nani, anaandika ameyajua nini, anaandika hata jinsi usingizi unavyomnyemelea, na daftari hilo linakuja kusomwa na mkaguzi wa polisi mbele ya Theo nyumbani kwake. Mofini hupunguza kasi ya kupumua na kuififisha fahamu, na kiasi cha kumtia mtu katika hali ya kutojitambua kwa siku nyingi hakimwachii utulivu wa kupanga sentensi zenye mwanzo na mwisho. Sentensi za Alicia hazipotezi mpangilio wala hazikosi neno la lazima. Mwandishi alihitaji ushahidi, akamlazimisha mtu anayezimia autoe kwa hati safi.

Kosa hilo halikuanzia hapo, kwa kuwa shajara hiyohiyo imekwisha kumwonyesha Alicia akiandika huku mtu aliyekuwa akimvizia anaingia ndani ya nyumba. Mtu anayesikia nyayo za adui ukumbini hukimbilia simu, mlango au kisu. Kalamu haimo katika orodha hiyo. Mbinu hii ya uandishi wa papo hapo, ambamo mhusika huandika jambo wakati linatendeka, ilipata umaarufu kwa Samuel Richardson katika Pamela ya mwaka 1740, na mwaka uliofuata Henry Fielding akaifanyia kejeli katika Shamela, akimchora msichana anayeendelea kuandika barua huku bwana anayemtaka akiingia chumbani. Kasoro iliyochekwa mwaka 1741 haikustahili kurudi mwaka 2019 ikiwa nguzo ya kilele cha hadithi.

Namna ya kuikwepa inajulikana tangu zamani. Agatha Christie, katika The Murder of Roger Ackroyd ya mwaka 1926, alimtumia msimulizi asiyeaminika, yaani msimulizi anayemficha msomaji ukweli muhimu, na akampa msimulizi huyo, Daktari Sheppard, ambaye ndiye muuaji, sababu ya kuandika: alitaka kuuhifadhi mkasa wa mpelelezi Poirot kushindwa. Sheppard anapobanwa, anamaliza maungamo yake kwanza, na dawa ya veronali anayokusudia kujiua nayo inabaki kuwa jambo la baada ya kalamu kuwekwa chini. Gillian Flynn naye, katika Gone Girl ya mwaka 2012, aliifanya shajara ya Amy iwe nadhifu kupita kiasi kwa sababu ilikuwa imeghushiwa ili isomwe na polisi, kwa hiyo unadhifu wenyewe ukawa dalili ya hila. Muhammed Said Abdulla, aliyemleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, hakuhitaji hata daftari. Alimwachia mpelelezi wake afumbue fumbo kwa hoja, na wasomaji wa Kiswahili wakatosheka.

Uamuzi wa Michaelides unazidi kushangaza kwa sababu njia bora ilikuwa tayari mikononi mwake. Alicia ni mchoraji. Baada ya mauaji, kauli yake pekee kwa ulimwengu ni picha aliyoiita Alcestis, jina la mwanamke wa tamthilia ya Euripides anayekufa badala ya mumewe na kurudi bila kusema neno. Ndani ya Grove amepewa brashi na rangi, na amekwisha kumchora Theo mwenyewe. Picha moja zaidi, iliyochorwa kabla ya sindano na kueleweka baada yake, ingemfichua mtabibu huyo bila kuuvunja ukimya ambao riwaya nzima imejengwa juu yake. Badala yake, hadithi ya mwanamke asiyesema inategemea maandishi yanayosema kila kitu, tena kwa wakati ambao hayangeweza kuandikwa.

Lawama nyingine iwaendee wachapishaji, ambao siku hizi hutangaza mgeuko wa mwisho kabla ya jambo lolote jingine na kuwafundisha waandishi kwamba msomaji aliyeshtuka hatauliza maswali. Msomaji huuliza, ila huuliza baada ya kukifunga kitabu. Kwa kipimo hicho, The Silent Patient ni riwaya iliyosukwa vizuri mpaka pale Theo alipoichomoa sindano. Kurasa zinazofuata zilihitaji mhariri wa kuzikataa.