Waya Unene Gani?

Fundi mzuri wa sola utamjua kabla hajapanda juu ya paa. Anachukua kamba na kuipitisha pale pale waya utakapopita: kutoka kwenye paneli, kushuka na ukuta, kuzunguka dirisha, mpaka kwenye betri. Kisha urefu alioupata anauzidisha kwa 2, kwa sababu umeme unakwenda na unarudi. Nyumba ambayo kwa macho ungeikisia mita 9 inatoa mita 15, na hesabu inapigwa kwa 30.

Tuseme kuna paneli 2 za wati 100, zimeungwa sambamba, mfumo wa volti 12. Jua likikaza zinatoa kama ampea 11. Zipitishe kwenye waya wa 2.5 (milimita za mraba), ule wa soketi za nyumbani, na volti 2.3 zitaishia njiani zikiwa joto tupu. Volti 2 ni kitu gani, utauliza. Paneli iliyoandikwa volti 18 ilipimwa kwa nyuzijoto 25. Juu ya mabati, saa 7 mchana, inaweza kufika 60, na volti zikashuka mpaka kama 16. Ondoa zile za njiani, zinabaki 13.7. Betri ya asidi inataka takriban 14.4 ili ijae. Taa zitawaka, simu zitapata chaji, mwenye nyumba atashukuru, lakini betri itajaa kwa kusuasua na mara nyingi jua litazama kabla haijafika. Ikifa mapema, anayelaumiwa ni muuza betri.

Waya wa 10 unapunguza hasara hiyo hadi volti 0.6, ila bei yake inauma. Wapo mafundi wanaounga paneli kwa mfululizo: volti zinakuwa 36, ampea zinabaki 5.5, na ule waya wa 2.5 unapoteza 1.2 tu, mradi kidhibiti chaji kiwe cha MPPT, yaani kile kinachogeuza volti za ziada kuwa ampea za kuchaji. Mimi namvulia kofia zaidi yule anayeanza kwa kusogeza betri karibu na paneli, maana mita usiyoivuta hailipiwi. (Waya wa inveta una sheria zake: uwe mfupi na mnene sana, kwani wati 1000 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 80.)

Halafu kuna kisu. Madukani zipo nyaya za alumini zilizovikwa shaba, nazo hupitisha umeme vibaya kuliko shaba halisi ya unene ule ule. Fundi anakwangua uzi mmoja: ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, anaurudisha. Waya halisi wa sola mara nyingi ni kinyume chake, mweupe nje kwa kuwa shaba imepakwa madini ya bati, na mwekundu ndani. Kabla ya kulipa, omba kipande ukwangue. Muuzaji akikataa, nenda duka jingine.