Mvua waliiheshimu, joto hapana: kalenda ya Taylor Swift

Bandugu na badada, najua mutacheka: agronome mzima anaandika juu ya Taylor Swift! Lakini ile ziara yake, Eras Tour, niliifuata kwenye simu mpaka mega zangu zilikuwa zinaisha mbele ya wiki kuisha. Ilianza tarehe 17/3/2023 kule Glendale, Marekani, ikamalizika tarehe 8/12/2024 kule Vancouver, Kanada. Konseri 149, mabara 5 (Afrika hapana, tumeshazoea), tike za zaidi ya dola miliari 2. Batu bengi wamechambua nyimbo, nguo na pesa. Mimi nataka kuchambua kalenda, kwa sababu kalenda njo kazi yangu.

Kwetu mkulima mwenye akili hapandi mbegu zote siku moja. Mvua ya kwanza inaweza kudanganya: inanyesha mara mbili, inakatika, mahindi inakauka. Kwa hiyo anabakisha mbegu kidogo nyumbani, ya kurudilia kupanda. Ziara ya dunia nzima inahitaji akiba ya namna ile. Mbegu yake ni siku tupu: siku ambayo hakuna konseri na vyombo bado havijaondoka kwenda mji mwingine.

Kwa upande huo, waliopanga Eras Tour walikuwa mafundi. Buenos Aires, mwezi wa 11 mwaka 2023, konseri ziliwekwa tarehe 9, 10 na 11. Tarehe 10 hali ya hewa ikaharibika. Hawakubishana na wingu: konseri ya Ijumaa wakaisogeza mpaka Jumapili tarehe 12. Siku tupu ilikuwepo, wakaitumia. Mpaka hapo ninawapa 18 juu ya 20.

Kisha wiki moja, Rio de Janeiro. Brazil ilikuwa ndani ya joto kali, na lilikuwa limetangazwa siku nyingi mbele. Kipimo kinachochanganya joto na unyevu wa hewa kilikaribia digrii 60. Ijumaa tarehe 17 konseri ikafanyika vile ilivyopangwa. Batu walisimama kwenye mstari tangu mchana, juani, na mashabiki walieleza kwamba walikatazwa kuingia na chupa zao za maji. Mwanafunzi wa miaka 23 akaanguka ndani ya uwanja, akafa. Uchunguzi ulionyesha baadaye kwamba ni joto njo lilimuua. Kesho yake, Jumamosi, batu wakiwa wameshaingia uwanjani, wakaambiwa warudi: konseri imesogezwa mpaka Jumatatu tarehe 20.

Sasa muangalie vizuri. Ile Jumatatu haikuanguka toka mbinguni siku ya Jumamosi. Ilikuwa tupu tangu kalenda ilipotangazwa, kwani baada ya tarehe 19 ziara ilikuwa inapumzika mpaka São Paulo tarehe 24. Mbegu ilikuwa ndani ya nyumba, na Ijumaa hakuna aliyeitoa.

Kwa nini mvua isikilizwe, joto lisisikilizwe? Mawazo yangu ni haya: mvua inapiga jukwaa. Taa, vyombo, wachezaji, msanii mwenyewe, wote wanaguswa. Joto la mchana linampiga kwanza yule anayesubiri nje, wakati jukwaa liko tupu. Kweli, usiku ule Taylor alisimama akaomba mashabiki wapewe maji, na hilo ninamsifu. Lakini ilikuwa usiku, na kosa lilikuwa limeshafanyika mchana.

Mutaniambia: kuahirisha nako kunaumiza. Ni kweli. Kuna aliyelipa basi ao ndege toka mbali, hoteli, akaomba ruhusa kazini, na Jumatatu hawezi kubaki. Lakini hiyo hasara mashabiki waliipata vilevile Jumamosi, tena wakiwa wameshachomwa na jua. Na kati ya kuimba na kuahirisha kuna mambo mengine ya kufanya: maji ya bure, vivuli, kusogeza saa. Mkuu wa kampuni iliyoandaa konseri alikubali mwenyewe, baada ya kifo, kwamba vivuli na mabadiliko ya saa viliwezekana. Serikali nayo iliamuru chupa za maji ziruhusiwe, baada ya kifo.

Katika somo la ufugaji tulifundishwa: kuku wa nyama unawasafirisha usiku ao asubuhi mapema, hauwarundiki juani. Mwenye kuku anajua kwamba wakifa ni pesa yake imekufa. Shabiki, yeye, ameshalipa tike mbele ya kufika. Hapo njo shida yote iko.

Ninaandika haya kwa sababu ya kolasyo yetu. Mnakumbuka? Mwezi wa kumi, Lubumbashi, mbele ya mvua kuanza. Toga nyeusi mpaka miguuni. Programu ilisema saa tatu asubuhi, wakubwa wakafika saa saba mchana, na hema lilikuwa juu ya viti vyao tu. Dada mmoja wa promosyo yetu akaanguka. Tulicheka, tukasema hakukula asubuhi. Mimi pia nilicheka, mimi niliyesoma joto na unyevu miaka mitano. Aliamka, Mungu asifiwe. Lakini nilipoona habari ya Rio, kicheko kile kilinirudilia.

Sasa komite inatayarisha sherehe ya mwaka huu, tena mwezi wa kumi. Ninaomba mambo matatu yaandikwe ndani ya programu: kuanza saa moja ya asubuhi, maji kwa kila mtu, na siku ya pili ya akiba iliyotangazwa mbele, ili mama anayetoka Kolwezi ajipange mapema. Mwenye kuona ni gharama sana, aandike hapa chini, tupige hesabu pamoja. Mimi nitaleta termometa.