Mizani ya Mwigizaji Asiyesema

Katika mabanda ya video ya Kinondoni, ambamo miaka ile watu walijibana juu ya mabenchi kuwasikiliza watafsiri wa filamu za kigeni, na mashuhuri wao alikuwa Lufufu, mtazamaji mwenye jicho alikuwa na mtihani wake: kumkazia macho mwigizaji kabla ya sauti ya mtafsiri, aone kama uso umekwisha kusema. Mtihani huo namuusia kila atakaye kuzipima filamu za zamani zisizo na sauti, za zama zile jumba la Royal lilipofunguliwa Unguja mwaka 1921. Na wa kuanza naye ni Lillian Gish, mzaliwa wa Ohio, Marekani, mwaka 1893, aliyepanda jukwaani angali mtoto na kuingia katika filamu za mwongozaji D. W. Griffith mwaka 1912.

Tazama mikono. Katika *Broken Blossoms* ya 1919 yeye ni binti anayeteswa na baba yake, na akiamriwa atabasamu huziinua pembe za midomo kwa vidole viwili. Tabasamu hilo la kulazimishwa lachoma moyo kuliko kilio, ilhali mwigizaji hafifu angalijipiga kifua na kugaragara. Kisha tazama utulivu, ambao ni adimu zaidi: katika *Way Down East* ya 1920 amezimia juu ya bamba la barafu linalochukuliwa na mto, mkono na nywele vikiburura majini, na wazo la kuuachia mkono huo katika maji ya baridi kali, kwa kauli yake, lilikuwa lake mwenyewe.

Wala usimhukumu kwa mwendo wa harakaharaka, maana aghalabu filamu zile zilipigwa kwa picha chache kwa sekunde kuliko 24 za leo, na taksiri hiyo ni ya mtambo.

Wengi huitanguliza *Way Down East*. Mimi naitanguliza *The Wind* ya 1928, ambamo upepo wa jangwani hausikiki hata chembe, nasi twauona wote machoni mwake. Sauti ilipokuja haikumwangusha, kwani aliigiza hadi *The Whales of August* ya 1987, akafariki mwaka 1993. Ukiipata *The Wind*, ewe msomaji, itazame mara ya kwanza bila muziki.