Kola ya Susu

Susu wengi wa Mwala, bibi zetu wa Ukambani, hawakuacha picha nyingi. Kipande, kitambulisho cha enzi ya mkoloni, kilikuwa cha wanaume. Sheria ya usajili wa watu ilipobadilishwa mwaka 1978 ndipo wanawake nao wakaanza kuandikishwa, na kuna nyumba Masii, Muthetheni na Kibauni ambako picha ya kitambulisho ndiyo pekee iliyobaki ya bibi wa ukoo. Inaonyesha kichwa na mabega tu. Gauni lote limekatwa, imesalia kola.

Basi tuitazame kola. Imelala kifuani pande mbili sawasawa, na ukingoni mshono wa pili umeufuata wa kwanza bila kuusogelea wala kuuacha, mpaka mwisho. Aliyewahi kuketi kwenye cherehani ya miguu anaujua ugumu wa kazi hiyo: mguu unakanyaga, mkono unazungusha kitambaa, na pamba ikivutwa kidogo tu kola inapinda. Hizi hazikupinda. Zilishonwa barazani mwa maduka, siku ya soko, watu wakipita na mbuzi na magunia, na fundi ambaye vipimo vya wateja wake alivijua kwa kichwa.

Picha za mwili mzima ni chache zaidi. Nyingi ni za harusi, au za mwana aliyerudi na kamera kutoka Nairobi akawapanga wazee mbele ya nyumba. Hapo ndipo akili ya fundi inapoonekana. Mwanamke wa huku alibeba mzigo mgongoni, mukwa, yaani mkanda wa kubebea, ukipita kwenye paji la uso: maji, kuni, kiondo kilichojaa mbaazi. Kwa baadhi yao kamera imeinasa alama ya mukwa, chini kidogo ya ukingo wa kitambaa cha kichwa. Gauni la kubana lingepasuka kwapani kabla palizi haijaisha. Kwa hiyo mikono ina nafasi pale inapoungana na bega, marinda yanaanzia kiunoni ili mtu ainame na jembe bila kuvuta nguo, na pindo limeachwa pana, likingoja siku ambapo gauni litarithiwa na binti mrefu kuliko mama yake. Nikiyaona hayo yote katika picha moja iliyofifia, namwona mtu aliyefikiri sana kuhusu mwili wa mwenzake.

Juu ya gauni, leso. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, ndilo hutajwa kwa kueneza desturi ya kuchapa jina, yaani msemo, kwenye leso, na katika picha hizi mtu huweza kusoma herufi mbili tatu za jina hilo zikiwa zimepinduka kiunoni. Rangi zimepotea, picha ni nyeusi na nyeupe. Fundo limebaki, limekazwa pembeni, tayari kwa kazi.

Gauni liliingia Ukambani pamoja na wamisheni. Africa Inland Mission ilifungua kituo chake cha kwanza Nzaui mwaka 1895. Wako wanaoliita vazi la kuiga, nami nalikataa neno hilo kabisa. Kilichoigwa ni umbo tu, na umbo hilo mafundi wetu walilikata upya hadi likawa la kulimia, la kubebea mtoto na la kuendea kanisani.

Hapo kabla, wanawake walivaa ngozi, shanga na waya wa shaba, na mikufu myembamba ya wahunzi wa Kikamba ilisifika mpaka kwa majirani. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyefanya utafiti wake miongoni mwa Wakamba mwaka 1911 na 1912, aliyaeleza mapambo hayo kwa picha na michoro katika kitabu chake kikubwa. Alistahi mkono wa mhunzi. Sijaona bado aliyemstahi hivyo fundi wa gauni la maua, ambaye kazi yake ilivaliwa na mama zetu kwa miongo mingi kisha ikaishia kuwa tambara la kupangusia taa ya chemni.

Siku hizi susu akifariki, kile kipicha cha kitambulisho hupelekwa mjini kikakuzwe kwa ajili ya mazishi. Kijana wa kompyuta, kwa nia njema kabisa, humvika suti asiyowahi kuivaa, humfuta alama ya mukwa, na nyuma yake huweka mawingu na maua. Namsihi asifanye hivyo. Akuze picha, aiongezee mwanga ikibidi, lakini kola aiache na mishono yake miwili. Na ikiwa nyumbani yuko shangazi anayekumbuka ni nani aliyeishona, jina la fundi huyo liandikwe nyuma ya picha, pamoja na soko alikokuwa akiketi.